Maneno na Wenyewe

Mwalimu wa Nyuki hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Gongoni, kwa sababu ndio mtaa wa mjini nilikokulia, na hata niliporudi chuoni nikiwa mwalimu mwenzake, nina meza yangu na ufunguo wa chumba cha kompyuta, bado nilikuwa Gongoni. Mwanafunzi mwingine alikuwa Sikonge, mwingine Urambo, mwingine Igunga. Mwaka mmoja walikuja vijana watatu kutoka Nzega, akawaita Nzega Mrefu, Nzega Mkimya na Nzega wa Tatu. Yule wa Tatu mpaka leo nikimkuta sokoni namwita hivyo hivyo, naye anaitika.

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalonishinda. Mtu huyu asiyeshika jina la mtu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu majina ya watu. Na kati ya wote waliopita mikononi mwake, mimi ndiye mwenye haki ndogo kabisa ya kumsimulia. Nitasema kwa nini. Niacheni kwanza nimseme yeye, maana kujisema mwenyewe kunaniwia vigumu.

Alikuwa na mwili mdogo na sauti kubwa. Alifundisha ufugaji wa nyuki katika chuo chetu kidogo cha kilimo, nje kidogo ya mji wa Tabora, na siku za mizinga alivaa kitenge, na juu yake koti zito la marehemu mumewe lililomfika magotini. Kofia za wavu aliwapa wanafunzi, yeye akaenda kichwa wazi. Akiumwa alisema, "Haya, nimesikia," kana kwamba nyuki kamtuma ujumbe. Halafu alikuwa anabisha hodi. Wallahi, alisimama mbele ya mzinga wa gome uliolazwa juu ya matawi, akaita, "Hodi wenyewe!" na kusubiri. Mara ya kwanza nilicheka. Akanigeukia.

"Gongoni, wewe unapenda watu waingie chumbani kwako bila hodi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi funga mdomo, nyuki wasije wakaingia kwako bila hodi."

Asali yenyewe hakuigusa. Chai yake ilikuwa ya sukari, vijiko vitatu vilivyojaa. Nilipomuuliza inakuwaje mwalimu wa nyuki akose kula asali, alinitazama kwa huruma. "Muuza sanda huvaa sanda?" Kanisani kwao Moravian aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, alichelewa kila Jumapili, na alipochelewa hakukaa nyuma kwa aibu kama wengine, alipita katikati mpaka mbele. Maksi alizitoa kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Na akikosea alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo.

Siku moja, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana mmoja wa Sikonge aliandika kazi kuhusu mti wa mninga. Ilikuwa nzuri mno. Mwalimu aliisoma mbele yetu, akaitupa mezani, akasema, "Umeiba hii kwenye kitabu." Msichana alikuwa na kigugumizi. Alijaribu kujitetea, neno likakwama, machozi yakatoka kabla ya neno. Wengine tukacheka chini chini. Wiki ile ile Mwalimu alikutana sokoni na mzee mmoja muuza asali, wakazungumza habari za mninga, na mzee akamwambia maneno yale yale ya kwenye karatasi, moja baada ya jingine. Alikuwa baba mkubwa wa yule msichana.

Jumatatu Mwalimu aliingia darasani, akamwita Sikonge mbele, akamkalisha kwenye kiti chake cha mwalimu. Yeye akasimama.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema, "kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu. Ningekuita ofisini kwa siri ningekuwa nakuibia mara ya pili. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa benchi la pili. Niliona kila kitu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikufundishwa.

Ndipo ilipozaliwa Kamusi. Chuo kilikuwa ndiyo kwanza kimeingiza ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, na walimu wengi waliutumia kama kabati: walitupia notisi zao humo na kufunga. Yeye, aliyeandika kwa kidole kimoja huku akiitafuta kila herufi kama anachagua mchele, alifungua ndani ya kozi yake zoezi la kamusi. Kila mwanafunzi akienda likizo alitakiwa kurudi na neno moja la nyuki kutoka kwao. Mti, ua, chombo, tabia ya nyuki, chochote. Unaliandika na maelezo yake, mfumo unaweka jina lako chini. Halafu penye nafasi ya maoni, chini ya neno, unamtaja aliyekupa.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ukiandika "nimeambiwa na mzee mmoja," alikurudisha. "Mzee mmoja ndiye nani? Hana mama?" Ukiandika "bibi yangu," alikurudisha pia. Lazima umuulize mwenye neno anataka aandikwe kwa jina gani, lile analolipenda mwenyewe, si la kwenye kadi ya kura, si Mama Fulani, na umsomee asikie umeandika sawa. Watu walisafiri mpaka Goweko na vijiji vingine vya ndani ya Uyui kuuliza tena jina tu. Tulinung'unika, lakini tulifanya. Hata mimi mtoto wa mjini, nisiyejua mti wowote ila wa kuchomea mkaa, nilipeleka langu, likakubaliwa, nikalisahau.

"Neno halitembei lenyewe," alikuwa akisema. "Kuna aliyelibeba." Na akishikwa na hamu ya kuhubiri alitutolea habari za njia ya zamani, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kwetu kwenda Ujiji. Babu zetu waliwabebea watu pembe na shaba miezi mingi. "Wenye mizigo majina yao mnayo vitabuni," alisema. "Waliobeba je? Nitajieni mmoja. Mmoja tu." Tukainamia madaftari. "Haya. Basi na mimi sitaki darasani kwangu mzigo ufike bila mpagazi."

Kila mwaka Kamusi ilikua. Nilipoajiriwa kusimamia ule mfumo ilikuwa na maneno mia mbili na kitu. Wanafunzi waliomaliza walikuwa wanaingia humo kusoma tu, na wengine waliwasomea wazazi wao majina yao kwenye simu.

Alistaafu mwaka ule mtaala ulipobadilika. Ilibidi kozi zote zifunguliwe upya, na ya nyuki nikapewa mimi. Siku ya kukabidhiana alinipa ufunguo wa stoo, kibomba cha moshi, na kile kiti chake. Kuhusu Kamusi alisema jambo moja.

"Ukihamisha, Gongoni, hamisha maneno na wenyewe."

"Yatahama nao, Mwalimu."

"Sema vizuri."

"Maneno yatahama na wenyewe."

Haya sasa. Nimefika.

Kuhamisha zoezi kutoka kozi moja kwenda nyingine kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuchukua nakala kamili pamoja na watumiaji wake wote, walioandika na waliotoa maoni. Ni ndefu, inahitaji ruhusa, na mashine yetu ilikuwa inakwama katikati, unaanza tena. Ya pili ni kutoa maneno peke yake kwenye faili moja na kuyamimina kwenye kozi mpya. Dakika tano. Ukaguzi wa chuo ulikuwa Jumatatu, mimi niko Ijumaa, na kozi nyingine sita zilikuwa zinanisubiri. Nikachukua njia ya mkato.

Maneno yalihama yote, hata nukta haikupotea. Lakini mfumo ukimwaga faili hivyo unamhesabu aliyemwaga kuwa ndiye aliyeandika. Nikafungua neno la kwanza, chini yake jina langu. La pili, jina langu. Nikateremka mpaka chini kabisa: jina langu, la baba na la babu, mia mbili na kitu. Maoni hayakuwepo hata moja. Wazee wote walibaki kule kwenye kozi ya zamani.

Niliona saa ile ile. Msidhani sikuona. Nikajiambia nitarekebisha baada ya ukaguzi, maana kozi ya zamani bado ipo.

Jumatatu wageni wa ukaguzi walikaa chumba cha kompyuta, wakafungua Kamusi. Mmoja wao, baba mnene mwenye kicheko, alianza kusoma kwa sauti neno la mti mmoja: "Mzima. Huchanua mvua zikikaribia. Maua yake yananuka, lakini nyuki hana haya." Akacheka mpaka akavua miwani. "Nyuki hana haya! Kijana, una kalamu wewe!" Mkuu wa chuo akadakia kwa furaha, "Ndiye huyo, kazi yake yote hiyo." Nafasi ya kusema ilikuwa pale, pana kama barabara ya Nzega. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya hapo ikawa kila mgeni anaonyeshwa Kamusi yangu. Nikapelekwa semina Dodoma kueleza nilivyoikusanya. Nikaeleza, na picha za mizinga nikaweka. Nilitamka pale mbele neno "tulikusanya," nikajipongeza moyoni kwa ile "tu."

Mwisho wa mwaka nafasi ya mfumo ilijaa, nikaagizwa kufuta kozi za zamani. Ningependa kusema kwamba nilifuta kwa kusahau. Watu husamehe kusahau. Lakini nilikaa mbele ya ile kozi ya nyuki, mchana kweupe, nikijua humo ndimo walimo wenyewe, na nikijua pia kwamba humo ndimo ulimo ushahidi. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Mashine ilikuwa na adabu kuliko mimi. Nikabofya ndiyo.

Mwalimu alipiga simu mara mbili mwaka ule. Sikupokea. Siku moja nikaliona lile koti sokoni, likikata kona kwenye dagaa, nikajificha nyuma ya magunia kama kibaka mpaka lilipopita. Muuza dagaa akaniuliza, "Unadaiwa nini na yule mama?" Nikamwambia hamna kitu. Mtu mzima, mwalimu, nimechuchumaa kwenye harufu ya dagaa. Loo!

Baadaye alihamia Goweko kwa mpwa wake. Macho yalikuwa yameanza kufunga. Mwaka huu, karanga zikivunwa, yule mpwa alinipigia kwa namba nisiyoijua, ndiyo maana nilipokea. "Mama anasema uje umsomee Kamusi. Anasema wewe ndiye unayeijua." Nikasema nitakuja, nikitumaini sitakwenda. Nikaenda. Nilipanda treni nikiwa nimejipangia maneno ya kuomba radhi, na nilipoteremka kituoni yote yalikuwa yamenitoka.

Alikuwa amekaa uani upande wa jikoni, kwa kuwa mtandao hupatikana hapo, anamenya karanga kwa kupapasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gongoni huyo." Aliijua sauti. "Umenenepa. Unatembea kwa kishindo. Kaa. Soma."

Nikafungua simu. Namba ya siri nikaikosea mara mbili. Nikasoma, "Mninga. Ukitoboa gome lake hutoa maji mekundu kama damu. Ukichanua, huwa wa njano tupu, na nyuki huufuata asubuhi."

"Mwenyewe?"

Nikasema, Mungu anisamehe, "Mtandao umekata kidogo, Mwalimu."

"La Sikonge hilo," alisema. "Yule niliyemwonea. Alipewa na baba yake mkubwa, alitaka aandikwe kwa jina la utani, la wawindaji." Akalitaja. "Linalofuata."

Nikasoma miti mingine: mtundu. Nikasoma muyombo. Kila nikimaliza anauliza, "Mwenyewe?" na kabla sijapata uongo mwingine anajibu mwenyewe. La Urambo. La Nzega Mkimya, alipewa na mama mkwe wa kaka yake. Mikono yake haikuacha karanga. Kwenye neno la tano au la sita akauliza kwa sauti ile ile, bila kuinua kichwa:

"Mbona husomi majina?"

"Hayakuhama, Mwalimu."

"Pameandikwa nini hapo?"

"Jina langu."

"Kote?"

"Kote."

Nikamwambia yote. Njia ya mkato, ukaguzi, Dodoma, kufuta. Nikamwambia na habari ya sokoni, ya magunia. Alisikiliza. Mpwa wake, aliyekuwa anakoroga uji jikoni, aliacha kukoroga.

"Nzega wa Tatu aliniambia zamani," alisema Mwalimu. "Aliingia kusomea watoto wake akaona. Nilisubiri useme." Kisha akamwambia mpwa, "Mletee karatasi na kalamu." Na kwangu, "Soma. Mimi nitaje, wewe uandike, macho yangu hayataki tena."

Tukafanya hivyo mpaka jua likapinda. Mtu asiyeita watu kwa majina alikuwa nayo yote ndani. La mwanafunzi, la mzee wake, la kijiji. Nikaandika, mkono ukauma, na nilianza kupata nafuu, nakiri, nikaanza kuona kwamba labda jambo langu lina dawa. Kisha nikasoma neno la kamba ya kupandishia mzinga, naye akachukua karanga nyingine bila kutaja mtu.

"Mwenyewe?" nikauliza mimi.

"Simkumbuki."

Akasugua karanga moja kati ya vidole.

"Simkumbuki, Gongoni. Ndiyo maana nilitaka aandikwe."

Nikaandika alama ya kuuliza. Baada ya hapo zikafuata nyingine, mbili, nne. Kila moja alijaribu, akarudia neno mdomoni, akatikisa kichwa. Ningependa anitukane. Ningependa anirushie hata ungo. Alisema tu, "Acha nafasi. Soma."

Nikasoma, "Mzima. Huchanua mvua zikikaribia. Maua yake yananuka, lakini nyuki hana haya."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike, kile kicheko chake kikubwa, ganda la karanga likamruka mapajani. "Hilo nalo unauliza la nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"La kwako hilo!"

"Hapana, Mwalimu, ni jina tu limeandikwa, kote ni..."

"La kwako, Gongoni. La haki. Ulilileta likizo ya kwanza, ukanisomea huku umetazama chini, ukidhani nitakukaripia kwa kusema yananuka. Ulipewa na bibi yako."

Ndipo nikamwona. Bibi, barazani kwetu Gongoni, mguu mmoja umekunjwa chini yake, ananicheka kwa kutojua mzima. Alinipa neno lile kama lilivyo, mpaka ile haya ya nyuki. Kisha nikamuuliza, kwa amri ya Mwalimu, anataka aandikwe kwa jina gani. Alishangaa. Alisema tangu aolewe hakuna aliyemuuliza. Sisi tulimwita Bibi, mama yangu alimwita Mama, mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye akanipa jina la usichana wake, la Kinyamwezi, alilopewa kwao kabla ya mji na kabla ya dini, akanitaka nimsomee mara mbili. Alipolisikia alijifunika uso na upande wa khanga, akicheka. Nikaliandika chini ya neno lake, kwenye maoni. Ni miaka minne tangu tumzike, na wa rika lake wote wametangulia.

Ndilo neno nililosifiwa. Nililipokea kama mwizi, nalo lilikuwa langu, na sikulijua.

"Haya, mtaje," alisema Mwalimu. "Alitaka aitwe nani vile? Mimi majina ya watu wa mji yananichanganya. Hili la kwako utalijua wewe."

Nilifungua mdomo. Nilisikia kicheko cha bibi, niliiona khanga, hata maua yale nilikuwa kama nayanusa. Jina halikuja. Nililitafuta mpaka macho yakanijaa, na Mwalimu akaacha kumenya karanga, ameelekeza sikio upande wangu, anangoja.

"Andika, Gongoni," alisema taratibu.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, karatasi ilikuwa gotini, na sikuwa na la kuandika.